Mzungu kaomba "hands" kumi, mimi nikatafsiri "mikono kumi". Tulijadili hili neno

Kibarua wa Lugha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Leo naleta aibu yangu mwenyewe, mcheke halafu mnisaidie.

Wiki iliyopita nilipata kazi ya ukalimani kwenye mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Igombe, hapa Mwanza. Kulikuwa na Mwingereza mmoja, mtu mzima, mpole, kaja kufundisha watu kuanika dagaa kwenye chanja badala ya kuwamwaga mchangani. Chanja zenyewe zilikuwa hazijaisha. Miti imelala chini, nyavu za kutandika juu bado zimekunjwa, na Ijumaa wageni wanakuja kuona kazi. Jumanne asubuhi jamaa kasimama mbele ya watu kama arobaini, kafuta jasho, katamka sentensi moja fupi: "I need ten more hands by Friday."

Mimi, miwani juu ya paji la uso, sauti ya mtangazaji: "Anasema anahitaji mikono kumi mingine kabla ya Ijumaa."

Kimya. Nilisikia maji yakipiga ubavu wa mtumbwi. Mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa kainuka, kamvuta mwanawe, kamfunika kanga kichwani, kaondoka bila kuaga. Mtoto yule ana ualbino. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, mikono ya nani?"

Miguu iliniisha nguvu. Wasio wa kanda hii huenda wasielewe haraka. Sisi tuliokuwa na akili zetu mwaka 2007 na 2008 tunakumbuka redio ilikuwa inasema nini asubuhi: watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga na ndoto za utajiri, na wavuvi na wachimba dhahabu wakitajwa humo humo. Sasa wewe simama mwaloni useme mgeni anataka mikono kumi kabla ya Ijumaa.

Nikapiga kelele, "Watu! Anataka watu kumi wa kumsaidia kazi!" Wakacheka, kile cheko cha kushusha pumzi. Mzungu naye akacheka, hajui anacheka nini.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri na hili neno. Kwao "hand" inaishia kwenye kifundo, pale inapokaa saa. Kuanzia hapo kwenda juu wana neno lingine kabisa, "arm". Mkono wetu sisi unaanzia begani. Kwa hiyo hata siku neno hili linapozungumzia mwili tu, "hand" ni kipande cha mkono, na hatuna neno la kila siku linaloziba nafasi hiyo sawasawa. Kiganja ni upande wa ndani. Kitanga kinakaribia, lakini nani anasema "nimeumia kitanga"? Halafu kipande hicho kidogo ndicho wamekichukua wakakifanya mtu mzima. Karibuni.

Boda Mkongwe

Hahaha pole mkuu, ila mimi neno hilo limeniumiza kweli.

Nilianguka na pikipiki Nyakato, mvua, lami inateleza. Nikapelekwa hospitali moja, jina naliacha. Kijana wa mapokezi ananiuliza unaumwa nini, nasema mkono. Kaandika kwenye fomu kwa Kiingereza, "hand". Nikaenda chumba cha picha, nikapigwa picha ya kiganja, mbele na ubavu. Kiganja kizima kama cha mtoto mchanga! Daktari anaangalia picha, ananiangalia mimi ninavyolia, anasema mfupa uko sawa. Nikamwambia dokta, mimi nimevunjika hapa juu ya kiwiko. Picha ikarudiwa, na ya kwanza nililipia.

Nesi wa Zamu

Pole kaka. Hilo tunaliona sana. Mgonjwa akisema "mkono" simwandikii chochote mpaka aniguse pale panapouma kwa mkono wa pili. Ikiandikwa "hand" kwenye fomu, mpiga picha anajua mifupa 27 tu: minane midogo ya kwenye kifundo, mitano ya kiganja, 14 ya vidole. Mfupa wako ulikuwa nje ya orodha yake kabisa.

Na mguu ni hivyo hivyo, "foot" na "leg", msiniulize.

Mzee wa Mwaloni

Kibarua, sikulaumu. Ungeniuliza mimi niliyekula chumvi ningekwambia Waingereza ni watu wa majini, ndiyo maana maneno yao mengi yana harufu ya meli. Kwenye meli "hand" ni baharia. Nahodha akiita "all hands on deck" hataki kuona viganja, anataka kila baharia atoke alikolala apande juu. Sasa hata maofisini wanasema hivyo, mtu anaita kikao cha bajeti.

Lingine ni "hand over fist". Leo maana yake ni kuingiza hela kwa kasi. Lilianza "hand over hand", jinsi baharia anavyopanda au kuvuta kamba, mkono huu unashika, ule unapita juu yake unashika mbele. Kwenye karne ya 19 ndipo likageuka kuwa ngumi. Anayetaka kuliona aende na mtumbwi wa dagaa usiku wa giza. Taa zinaelea, dagaa wamejaa chini yake, nahodha anasema haya. Vijana wanne wanavuta. Hakuna anayeongea. Kamba inaingia ikidondosha maji, mkono juu ya mkono, na ukimwangalia kijana viganja vyake unakuta vimekufa ganzi, vyeupe, mikunjo kama ya mtu aliyefua siku nzima. Hapo ndipo Mwingereza alipoitoa hela yake ya kasi. Kijana mwenyewe atapata mgao baada ya tajiri kutoa mafuta, taa na nyavu.

Na kipimo. Sisi tulipima maji kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ncha hadi ncha. Wao wana "fathom", futi 6, na asili yake ni hiyo hiyo, mikono iliyokunjuliwa. Ziwa letu kina chake kikubwa ni kama mita 80, hesabu mwenyewe, ni pima 40 na kitu. Kwa hili tumekutana bila kufundishana.

Dogo Pasiansi

Mzee shikamoo. Nilisoma mahali meli ikizama wanasema "lost with all hands". Ina maana ilizama na mikono yote, si ndiyo? Hahaha.

Mzee wa Mwaloni

Marahaba. Maana yake mabaharia wote wamekufa, hakubaki mmoja.

Hapa Mwanza usiliwekee kicheko. 21 Mei 1996 asubuhi MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika, na makaburi yako Igoma hadi leo, nenda ukayaone. Waliopona walikuwepo, kwa hiyo hata hayo maneno ya Kiingereza hayaingii. Tuendelee.

Dogo Pasiansi

Nisamehe mzee.

Mama Chane

Nyie mnahangaika. Mimi nauza ndizi za Bukoba, naomba nieleze "hand" ninayoijua. Mkungu una chane, chane ina ndizi. Mwaka juzi alikuja dada mmoja wa utafiti na fomu, anauliza kwa Kiingereza mkalimani anageuza: "Mkungu mmoja una mikono mingapi?" Nikamwambia mwanangu, mkungu ukiwa na mikono mimi nakimbia soko. Kumbe kwa Kiingereza chane ni "hand" na kila ndizi ni kidole! Ukiiangalia chane ilivyolala, kweli, kama kitanga kilichokunjuliwa. Sikatai. Lakini neno la chane tunalo, la nini kuazima mkono?

Tumsifu mzungu kwa jicho, tumchape mkalimani.

Kibarua wa Lugha

Mama shikamoo, kuchapwa nimeshachapwa.

Belo Jipya Mlango Mmoja

Mtumba umetajwa? Haujatajwa. Nakuja.

"Second hand". Mtu wa kwanza alishika, wewe ni wa pili. Sisi tukasema mtumba, kwa jinsi ulivyofungwa na kubebwa, hatukujali mikono ya nani ilipita. Siku nikifungua belo saa kumi na mbili asubuhi, wateja wanaojua wako pale wamesimama wananisukuma mgongo, hakuna anayesema "mkono wa pili". Wanasema daraja la kwanza iko wapi.

Ila kwenye gari na simu sisi tuna mkono wetu, na unachanganya kuliko wa kwao. "Nimenunua gari mkononi" maana yake nimelinunua kwa mtu aliyekuwa analiendesha hapa hapa, sikuagiza nje. Na simu ya mkononi ni simu yoyote ya kutembea nayo, hata ikiwa mpya kwenye boksi. Kwa hiyo mimi nina simu ya mkononi niliyonunua mkononi. Mweleze hilo mzungu wako.

Na kwenye saa ya ukutani "second hand" ni mshale wa sekunde. Nilikuwa na mteja alitafsiriwa maelezo ya saa kwa programu ya simu, ikamwandikia "mtumba huzunguka mara moja kwa dakika". Akaja kuniuliza mimi kama mtaalamu.

Nesi wa Zamu

Nimecheka hadi mgonjwa kaamka.

Mchambuzi wa Jukwaa la Jua

Mnasema "hand" inaishia kwenye kifundo. Nyie hamjaangalia mpira. Kirumba pale, mpira ukigusa kiwiko cha beki, uwanja mzima unapiga kelele "hendi!" Na hao hao Waingereza walioandika sheria wanaita "handball" mpira ukigusa mkono kokote, mpaka chini ya kwapa. Tangu 2020 sheria imeandika wazi kwamba mpaka wa mkono na bega ni usawa wa chini ya kwapa. Yaani baada ya miaka yote hiyo wamefika kwenye mkono wa Kiswahili, pungufu ya bega kidogo.

Watangazaji wetu wana neno tamu zaidi: "ameunawa". Beki kaunawa mpira. Mwingereza akitaka kusema kunawa mikono anamaanisha kujitoa kwenye lawama, kama Pilato kwenye Mathayo 27:24, na sisi Biblia imetupa maana hiyo hiyo. Lakini kunawa kwa kosa? Huko hajafika.

Na bila kumtaja Maradona uzi haujakamilika. 22 Juni 1986, Azteca, robo fainali, dakika ya 51, Argentina na England. Kapiga kwa ngumi, refa kakubali. Alipoulizwa akasema ni kichwa cha Maradona kidogo na mkono wa Mungu kidogo. Hilo limeingia Kiswahili bila kutafsiriwa vibaya na mtu yeyote, hata mkalimani wa Igombe angeliweza.

Kibarua wa Lugha

Mkuu utaniua.

Ticha wa Nyegezi

Ngoja niseme yanayoniudhi mimi kwenye daftari za wanafunzi, na siku hizi hata kwenye magazeti. "Kwa mkono mwingine, serikali imesema..." Mkono upi? Hiyo ni "on the other hand" imevuliwa suti ikavalishwa kanzu. Kwa upande mwingine, basi, neno lipo tangu zamani.

"Give him a hand" ni kiboko. Ukiwa unasukuma gari, maana yake msaidie. Ukiwa ukumbini, maana yake mpigieni makofi. Niliwahi kushuhudia mshereheshaji wa harusi kwa wakwe wa kizungu akisema "mpeni mkono bwana harusi". Ukumbi mzima ukapanga foleni kumpa mkono. Dakika arobaini, pilau linapoa.

"Hand to mouth", kinachopatikana leo kinaliwa leo. Usiandike "mkono hadi mdomoni", sema kijungujiko na kila mtu atakuelewa. "Red-handed" inatoka kwenye sheria za zamani za Uskochi, mtu kakutwa damu ya aliyemuua bado iko mikononi. Wenzangu na mimi tunasema kakamatwa na kidhibiti, au kafumaniwa, inategemea aliiba nini. "Hands down" ni ya mbio za farasi: mpanda farasi aliyeona ameshawaacha wenzake analegeza hatamu na kushusha mikono kabla ya kufika. Kiswahili chake ni kushinda kiulaini. Farasi mwenyewe kwao wanampima kwa "hands", kila moja inchi 4, kutoka ardhini hadi mabegani. Kwa hiyo usishtuke ukisoma farasi ana mikono 15.

Sasa hili mlipende. "Hand over", ya makabidhiano ya ofisi. Mnaona mkono uko kwa Kiingereza tu? Kukabidhi kumetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kushika, kufumbata. Mkono umo ndani, umejificha.

Binti Ukerewe

Ticha, mbona mnapiga magoti mbele ya "hand" kana kwamba mkono wetu ni mlemavu? Mkono wa birika ni nani? Wote tunamjua, yule akija kwako anakula, ukienda kwake chai imeisha. Mkono mrefu? Ufiche mkoba wako. Kuunga mkono hoja, mkono wa Idi, mkono wa buriani. Shati lina mikono mirefu au mifupi, kwao hiyo ni "sleeve", hawakufikiria. Fundi akipika vizuri tunasema ana mkono, na ukila kwa mama huyu na yule viungo vile vile, utaujua mkono wa nani.

Na mkono wa kulia! Tumeuita kwa kazi yake, wa kulia chakula. Mdogo wangu ni shoto, bibi alimfunga kitambaa mkono wa kushoto mwaka mzima ili ajifunze, akashindwa bibi.

Hiyo ya "ask for her hand" ndiyo naomba msituletee. Eti kijana anakuja kuomba mkono wa binti. Uende na mshenga, upeleke barua ya posa, ng'ombe wahesabiwe. Mkono tu utaupeleka wapi?

Belo Jipya Mlango Mmoja

Mkono mtupu haulambwi dada, mwambieni alete na ng'ombe.

Babu wa Kwimba

Nimesoma yote, wabeja sana. Naongeza moja ambalo hamjaligusa.

Baba yangu alikwenda mkonge, upande wa Tanga, enzi za Mwingereza. Kwenye Kiingereza chao mfanyakazi wa shamba ni "farm hand", wa kiwanda "factory hand". Wanahitaji mkono wake, mengine aliyonayo si hoja. Lakini kule mkonge sisi hatukuitwa hata mikono. Kila mtu alikuwa na namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Ndiyo manamba. Na kadi ya kazi ilikuwa na siku 30 za kujaziwa, ukimaliza kazi ya siku inawekwa alama, na kadi hiyo iliitwa kipande. Baba alikuwa anasema, "Nilikuwa namba mwenye kipande." Alicheka akisema hivyo, sijui kwa nini.

Kodi nayo ilikuwa ya kichwa. Kwa kazi ulikuwa mkono, kwa kodi ulikuwa kichwa.

Dogo Pasiansi

Babu shikamoo. Hata sisi lakini. Mimi ni konda, ruti ya Buhongwa. Jioni tajiri akinipigia ananiuliza "vichwa vingapi?" Na mimi namjibu "vichwa vinne tu, nasubiria." Sijawahi kumwambia watu wanne. Leo ndiyo nimejisikia.

Babu wa Kwimba

Marahaba mjukuu. Na mkikatisha ruti mnawashusha vichwa njiani?

Dogo Pasiansi

Tunawarudishia nauli babu, wallahi.

Binti Ukerewe

Kibarua, umetuacha kwenye mataa. Yule mama wa mwaloni ilikuwaje?

Kibarua wa Lugha

Jumatano jioni nilikwenda kwake na yule mzee aliyeniuliza mikono ya nani. Sikwenda peke yangu, niliogopa. Tukakaribishwa nje, tukapewa viti, mtoto alikuwa ndani nikimsikia anaimba. Nikamweleza mama kwamba lilikuwa kosa langu, kwamba kwa Kiingereza watu wa kazi wanaweza kuitwa mikono, ndivyo wanavyosema wao, hawana ubaya. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, hakuinua uso. Akasema, "Ungesema watu." Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Na yeye mwenyewe mumwambie, siku nyingine asitume neno hilo huku." Nikasema nitamwambia.

Nilimwambia. Jamaa alikaa chini kwenye mchanga, akanyamaza muda mrefu, halafu akatoa kile kidaftari chake akaniomba nimtamkie "watu" polepole, akaliandika.

Ijumaa mama alikuja. Mtoto alikuwa naye, kofia pana, shati la mikono mirefu, wakakaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Amefunga nyavu za chanja mbili, na fundo zake ni za mvuvi hasa, hazikulegea hata moja. Watu waliokuja kazini walikuwa 12, wote walilipwa.